Usiku wa Jumatano

Mimi ni fundi viatu, na nina hasira za karibu. Nalisema mapema ili mtu asije akanisingizia upole nisiokuwa nao. Mpole wa nyumba yetu ni mume wangu. Yeye hutengeneza majokofu, na mtaani walikuwa wakimwita Baridi hata kabla hajanioa, kwa sababu ya kazi yake. Nilipoingia nyumbani kwake nikaona jina limemkaa mpaka kwenye tabia. Siku mafuta yaliposhika moto jikoni, alinitazama nikipiga mayowe, akachukua mfuniko, akafunika sufuria, moto ukazimika, halafu akauliza kama samaki bado analika.

Kipindi ninachokisimulia tulikuwa na mtoto mmoja, kama inaruhusiwa kusema hivyo, naye alikuwa amegandishwa. Kliniki ilitoa mayai yangu, ikayakutanisha na mbegu za Baridi kwenye kisahani cha maabara, vikapatikana viinitete vitatu vyenye afya. Kiinitete ni mtu kabla hajawa mtu: kijipande cha uhai kisichoonekana kwa macho matupu. Viwili vilishapandikizwa ndani yangu, kila kimoja kwa wakati wake, na vyote havikushika. Kilibaki kimoja. Daktari alikwisha kutuambia, bila kutuficha na bila kututisha, kwamba mayai yangu yaliyosalia hayana nguvu tena ya kutupa kingine. Kwa hiyo kile kilichokuwa kwenye mtungi ndicho chote tulichokuwa nacho.

Mtungi wenyewe ulimfurahisha mume wangu kupita kiasi. Siku ya kwanza alimuuliza yule mtaalamu wa maabara, ambaye tangu hapo tulimwita Mwenye Mtungi, umeme ukikatika inakuwaje. Mwenye Mtungi akamjibu kwamba pale hakuna umeme. Kuna naitrojeni ya maji, baridi yake haina mfano. Baridi akauzunguka ule mtungi kama fundi anavyokagua kazi ya fundi mwenzake anayemheshimu. Jioni, tukiwa mezani, akawa na mchezo wake wa kusema, "Mwanetu amelala salama. Hasikii hata mlio wa mota." Mimi nilicheka mara ya kwanza. Mara ya kumi nilimwambia anyamaze ale.

Pale kliniki palikuwa na korido ndefu yenye viti vya plastiki vya rangi ya maziwa, na nesi mmoja mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Kila mwanamke aliyekaa kwenye viti vile, nesi huyu alimwita dada. Uwe na mvi, uwe na miaka ishirini, kwake ulikuwa dada. Nilichukua muda kuelewa. Huko mitaani, mwanamke mzima ni mama tu. Muuza mkaa ananiita mama, kondakta ananiita mama, mteja aliyenizidi umri ananiita mama, na kwa miaka mingi neno hilo lilikuwa likinichoma kila siku bila wao kujua. Kwenye korido ile lilikuwa halitamkwi. Nesi aliliweka akiba. Nilimpenda kwa jambo hilo moja zaidi ya dawa zote alizonipa.

Daktari naye alikuwa mwanamke, mwembamba, asiye na haraka. Baada ya kile cha pili kutoka, nilimwendea nikiwa nimefura. Nilimwambia anieleze kwa maneno ya binadamu tatizo liko wapi, maana kiinitete kilikuwa kizuri, wamesema wenyewe, na mimi sina ugonjwa, wamesema wenyewe.

Alinivutia kiti karibu.

"Sikiliza," alisema. "Mji wa mimba umetandikwa kwa ndani na utando laini. Utando huo kila mwezi unajengwa, na usipohitajika unabomoka, ndiyo hedhi. Lakini kuwa mnene tu hakutoshi. Siku nyingi za mwezi utando huo haumpokei mtu. Kiinitete kikija, kiwe kizuri namna gani, kinateleza na kupita."

"Kwa nini? Unakataa nini?"

"Ndivyo ulivyo. Unajilinda. Mpaka uje mjumbe mmoja, homoni inaitwa projesteroni. Mjumbe huyu anauambia utando: acha kunenepa sasa, jitayarishe kupokea. Basi unabadilika. Vijitezi vyake vinaanza kutoa chakula. Mishipa ya damu inajisokota na kuongezeka. Ile sura ya juu, iliyokuwa inateleza, inaota vijinundu vidogo sana vya kushikia. Hapo kiinitete kikifika, kinashika. Lakini hali hiyo haidumu. Ni siku chache tu, halafu utando unajifunga tena. Ukiwahi, hakishiki. Ukichelewa, hakishiki."

Nikasema, "Gundi."

"Nini?"

"Gundi ya viatu. Unapaka kwenye soli, unapaka kwenye kiatu, halafu huvibandiki. Unasubiri. Ukibandika ikiwa mbichi, soli inateleza. Ukiiacha ikakauka, unaweza ukaigonga nyundo mpaka kesho, haishiki. Unagusa kwa kidole. Ikivuta kidole bila kukichafua, hapo ndipo."

Daktari alicheka, akasema tangu ahitimu amekuwa akitafuta namna ya kulieleza hilo. "Tofauti yetu," akaongeza, "wewe unaweza kugusa. Mimi siwezi. Mimi nahesabu. Kiinitete chako kina umri wa siku tano. Kinataka kukuta utando uliokaa na projesteroni siku tano vilevile. Vikipishana, hata vyote viwe vizuri, havikutani."

Nilitoka pale nimeelewa, lakini kuelewa hakukunituliza. Kama hesabu zilikuwa zao, na dawa nilimeza na kuweka kama nilivyoambiwa, basi aliyeharibu alikuwa ni mmoja tu, na nilikuwa natembea naye. Nikaanza kuusema mji wangu wa mimba. Nilipokuwa peke yangu kwenye kibanda changu, sindano mkononi, nilikuwa nausema kwa sauti, kama mtu anavyomsema mpangaji mkorofi. Mkaidi wewe. Mchoyo. Umeletewa wageni wawili wazuri hadi mlangoni, ukawafukuza. Baridi alinikuta siku moja nikiusema, akaweka chupa ya chai mezani, akaniambia, "Fundi, huyo unayemtukana ndiye tunayemhitaji." Nikamwambia aende akatengeneze mafriji yake.

Safari ya tatu tuliianza kama zilizotangulia. Nilimeza vidonge vya kuujenga utando. Siku ya Jumatatu daktari aliupima kwa altrasaundi, akamgeuzia Baridi kioo ili naye aone. Palikuwa na mistari mitatu, iliyonyooka, iliyopangika vizuri. Daktari alisema hajawahi kuuona utando wangu ukiwa mzuri namna ile. Baridi aliitazama ile mistari akasema kwa sauti ya chini, "Kazi safi," na nikajikuta macho yananilenga machozi, maana mwili wangu ulikuwa haujasifiwa siku nyingi.

Nesi akanipa projesteroni, vidonge vya kuweka ukeni. Alinitazama juu ya miwani yake.

"Unaanza usiku wa Jumatano, dada. Halafu asubuhi na usiku, kila siku, usiruke. Jumatatu asubuhi njoo na kibofu kimejaa, tunapandikiza."

"Usiku wa Jumatano," nikarudia.

"Usiku wa Jumatano."

Usiku wenyewe ulipoingia nilinawa mikono, nikafunga mlango, nikaanza. Sikukosa hata mara moja. Mambo ya dawa yalikuwa yangu. Baridi hakuyaingilia, alichokijua yeye ni kwamba Jumatatu asubuhi hapokei kazi.

Sasa aingie mpiga tarumbeta.

Huyu alikuwa mzee mrefu, mkavu, anayepiga kwenye bendi ya hoteli. Aliniletea viatu vyake vyeusi katikati ya wiki, soli zimeachama kama midomo. Nikamuuliza anavitaka lini. "Usiku wa Jumamosi," akasema, "nitavipitia nikielekea kazini." Nikaacha kazi nyingine zote. Ijumaa jioni viatu vilikuwa tayari, vimeng'aa, nikakaa kibandani kumngoja. Jirani zangu wakafunga, taa zikawashwa barabarani, mbu wakanijua mpaka kwa jina. Hakutokea. Nikaenda nyumbani nimenuna, na Baridi, aliponiona sura, akajipakulia mwenyewe.

Jumamosi jioni nilikuwa nafunga kibanda mapema ili nikapumzike. Jua ndio kwanza limezama. Nikamwona anakuja, tarumbeta kwapani, kandambili miguuni.

"Hodi, fundi. Nipe viatu vyangu, nimechelewa."

"Umechelewa sana," nikasema. "Viatu vilikuwa tayari tangu jana. Nimekukalia hapa kama mlinzi."

"Jana? Jana kwa nini?"

"Si uliniambia usiku wa Jumamosi?"

"Ndiyo. Na nimekuja."

"Usiku wa Jumamosi ulikuwa jana, mzee."

Alinitazama kwa huruma, kama anayetazama mtu aliyeanguka na hajajua kaanguka.

"Mama, leo siku gani?"

"Jumamosi."

"Na hii inayoingia hapa nje ni nini?"

"Usiku."

"Haya."

"Haya nini? Huu si usiku wa Jumamosi. Huu ni usiku wa Jumapili. Ukilala, unaamka Jumapili."

Yule mzee akaweka tarumbeta juu ya meza yangu, akacheka mpaka akashika mbavu. "Wewe mama, nani amekulea?"

"Bibi yangu," nikasema, nikiwa bado na hasira. "Unamtakia nini?"

"Nilijua! Mama yangu mzazi alikuwa anasema hivyohivyo. Kwake usiku ndio unatangulia, mchana unafuata. Jua likizama siku imeanza. Lakini watu hao wamekwisha, mama. Sasa hivi ukimwambia mtu usiku wa Jumamosi, anahesabu Jumamosi asubuhi, mchana, halafu ndiyo usiku wake. Ungenisubiri leo usingeumwa na mbu."

Ni kweli Bibi ndiye aliyenilea na kunifundisha kusema. Kwa Bibi, usiku wa Ijumaa ni ule unaoamkia Ijumaa. Ule mwingine, unaokuja Ijumaa ikishakwisha, aliuita Ijumaa usiku, na hakuwahi kuvichanganya. Mimi nilikuwa mtu mzima, nimezunguka, nimefanya kazi na kila namna ya watu, na sikuwahi kujua kwamba wenzangu hawavitofautishi. Ningejuaje? Watu wanaleta viatu mchana na kuchukua mchana. Hakuna aliyewahi kunipa miadi ya usiku.

Hapana. Alikuwepo mmoja.

Mpiga tarumbeta alivaa viatu vyake, akapiga hatua mbili tatu kuvijaribu, akasema vimeshika barabara, akaenda zake. Mimi nilibaki nimesimama na kufuli mkononi. Usiku wa Jumatano. Nesi alisema usiku wa Jumatano, na mimi nilianza Jumanne jua lilipozama, kwa sababu ndio usiku wa Jumatano. Jumatatu wangenipandikiza. Utando wangu ungekuwa umemtangulia mwanangu kwa siku nzima. Nikakaa kwenye kiti cha wateja.

Nilimpigia nesi. Nilimweleza vibaya, kinyumenyume, nikianza na mbu na tarumbeta, mpaka akaniambia, "Dada, vuta pumzi. Ulianza lini? Nitajie siku, usinitajie usiku." Nikamtajia. Nikasikia watoto wake wanagombana nyuma yake. "Subiri hapohapo," akasema. "Nampigia daktari."

Nilikwenda nyumbani nikangojea huko. Baridi alikuwa mezani na mota ya jokofu aliyoifungua. Nilimweleza, safari hii kwa mpangilio. Alifuta mikono yake taratibu, kidole kimoja kimoja, kisha akaanza kuvifuta upya, vikiwa safi. Sikuwahi kumwona akirudia kazi. Hilo lilinitisha kuliko yote.

Simu ilipolia niliiweka mezani ili wote tusikie.

"Umefanya la maana sana kupiga leo," daktari alisema. "Ungeniambia Jumatatu ningekuwa sina la kufanya. Sasa tuna njia mbili. Tuache dawa, utando utoke, tuanze upya baadaye. Au kesho asubuhi, maana kesho ndiyo siku yako. Mimi kalenda yangu inasema Jumatatu, lakini mwili wako haujui kalenda yangu. Unahesabu tangu ulipopata dawa."

"Kesho mmefunga," nikasema.

"Funguo ninazo. Mwenye Mtungi nimeshamwambia." Hata yeye alikuwa anamwita hivyo, sijui nani alimfikishia. "Uamuzi ni wenu. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba huu utando wa safari hii ni mzuri, na siwezi kuahidi wa safari nyingine."

Baridi alinitazama. Nikasema tunakuja kesho. Kisha nikauliza lile nililokuwa nimelibeba tangu kibandani.

"Daktari. Mara zile mbili zilizopita niliambiwa vilevile. Usiku wa siku fulani. Na nilianza vilevile."

Nilimsikia akivuta kiti, akakaa.

"Siwezi kukuapia kwamba ndiyo sababu," alisema. "Kuna viinitete vizuri visivyoshika hata kila kitu kikiwa sawa. Lakini siwezi pia kukuambia kwamba siyo. Pole, dada. Pole sana."

Nilizima simu. Nikalia kilio cha kelele, cha kugonga meza, mpaka nati za Baridi zikadondoka chini. Nilimkasirikia nesi, nikamkasirikia Bibi kaburini kwake, nikamkasirikia hata yule mzee na tarumbeta lake. Wawili. Wawili walikuja, wakakuta saa imepita. Baridi hakusema nyamaza. Alikaa karibu yangu, akaniwekea begani mikono yake inayonuka grisi, naye analia, bila sauti, kama anavyofanya mambo yake yote.

Baadaye, nilipobaki na kwikwi tu, alisema, "Kumbe haukuwa mkaidi."

"Nani?"

Akanionyesha tumboni kwa kidevu. "Ulikuwa unafungua mlango siku ileile uliyouambia. Kila mara. Ni sisi tuliokuwa tunamleta mgeni kesho yake."

Nilijishika tumbo. Siku zote zile za kuusema na kuutukana, nao ulikuwa unatii. Niliona haya, nikaona uchungu, na chini ya uchungu kulikuwa na kitu kingine ambacho sikutaka kukitaja mbele ya wale wawili waliokwenda. Nilikuwa nimefarijika.

Asubuhi ile ya Jumapili kliniki ilikuwa kimya, viti vya korido vimepandishwa juu ya meza kwa ajili ya usafi. Nesi ndiye aliyetufungulia. Alikuwa amevaa nguo za nyumbani na kitambaa kichwani, na macho yamevimba kama yangu.

"Dada, nisamehe," akasema.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani, makali, ya kumchana. Yote yakanitoka. "Ulisema unavyosema," nikamwambia. "Na mimi nikasikia ninavyosikia."

"Nimelala nikiwaza wangapi nimewaambia hivyo." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa. "Kuanzia leo nitawauliza: ukilala, unaamka siku gani?"

Baridi akakohoa, akasema kama kuna mtu yeyote ana nia ya kuniruhusu niende chooni, aamue sasa, kwa sababu kibofu kilishajaa tangu tupande gari. Nesi akacheka katikati ya machozi, akasema kibofu hicho ni chake, nisikiguse.

Chumba cha kupandikiza kilikuwa kidogo, na taa imepunguzwa. Daktari aliniwekea mkono gotini kwanza, halafu akaanza kazi. Mwenye Mtungi aliingia kutoka mlango wa maabara, akiwa ameshika mrija mwembamba kama uzi wangu wa kushonea, akitembea kama mtu aliyebeba bakuli la maziwa lililojaa. Alisema kimeyeyuka vizuri, na kimeanza kufunguka. Kwenye kioo tuliuona mji wangu wa mimba, wa kijivu, umetulia. Mrija ukaingia. Kisha ikatokea nukta moja nyeupe, ndogo, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Ndiyo hiyo," daktari alisema.

Baridi aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Mimi nilikuwa naongea na tumbo langu kimoyomoyo. Nilisema, samahani. Nilisema, nilikuona mchoyo na hukuwa mchoyo. Umemkuta leo kwa wakati wako. Ukitaka kumpokea mpokee, na usipotaka, sitakutukana tena.

Siku za kusubiri zilipita polepole, nami nilizipitisha kazini. Nilichukua kila kiatu kilichokuja, hata vile ambavyo mtu mwenye akili angevitupa. Wateja waliniita mama, na sikuwajibu kwa ukali. Mpiga tarumbeta alipita akaniuliza kwa utani kama leo kwangu ni leo au ni kesho. Nilimwambia viatu vyake vinavyofuata nitavitengeneza bure. Alidhani nimechanganyikiwa kabisa.

Siku ya majibu nilitolewa damu asubuhi, kisha nikafungua kibanda kama kawaida. Baridi alikuja kukaa nami. Alisema hana kazi, jambo ambalo si kweli, maana simu yake ilikuwa inaita na yeye anaizima. Nilikuwa nimepaka gundi kwenye soli ya kiatu cha mtoto wa shule na ninaisubiri, kidole juu yake, simu iliposikika. Namba ilikuwa ya kliniki. Niliibandika sikioni kwa mkono wa kushoto.

Ilikuwa sauti ya nesi. Alinisalimia, akatamka neno moja tu baada ya salamu, na hapo nikaacha kusikia yaliyofuata. Aliendelea kuzungumza, nadhani kuhusu kiwango cha damu, na dawa nisiziache, na nirudi lini. Alikuwa anataja siku, akataja na usiku, akaufafanua, na mimi sikuushika hata mmoja. Gundi ikakauka mbele yangu.

Baridi alikuwa amesimama. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Anasemaje?" akauliza. "Fundi. Anasemaje?"

"Ameniita mama," nikamwambia.